Daktari ameniomba niingie kwenye utafiti wa dawa: nikubali?

Kutoka Malindi hadi Kilifi mjini ni safari fupi ya matatu, na huko KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na washirika wake kutoka Uingereza wamekuwa wakifanya utafiti tangu 1989. Si ajabu basi mtu aliyempeleka mtoto mwenye homa hospitali akakutana na mtafiti mwenye fomu mkononi. Haya ndiyo maswali yanayorudi kila mara, kuanzia benchi la kliniki ya watoto hadi barazani Shella.

Nikijiunga, si ndiyo nimepata matibabu yaliyo bora zaidi?

Hapa hujikwaa hata waliosoma. Daktari anayekutibu hukutazama wewe, akakuchagulia dawa inayokufaa. Utafiti una kazi nyingine: unatafuta kujua kama dawa hii inaishinda ile. Kwa hiyo watu hugawanywa makundi kwa kura, siku hizi ya kompyuta, na mara nyingi si wewe wala muuguzi anayejua umeangukia wapi. Unaweza kupata dawa mpya, au ile ya kawaida, au kidonge kisicho na dawa ndani iwapo hakuna tiba inayojulikana. Huenda ukafaidika, huenda usifaidike. Wanaolengwa hasa ni watakaougua baadaye.

Yaani uhai wa mwanangu upigiwe kura kama zamu ya upatu?

Hata mimi lilinikera neno hilo nilipolisikia mara ya kwanza, mama. Lakini sikiliza kisa cha utafiti ulioitwa FEAST, uliofanywa katika hospitali 6 za Kenya, Uganda na Tanzania, Kilifi ikiwamo. Watoto 3,141 waliokuwa na homa kali na damu isiyozunguka vizuri waligawanywa kwa kura. Wengine walitiwa maji mengi ya mshipa kwa haraka, kama miongozo ya tiba ilivyoelekeza katika nchi nyingi. Wengine hawakutiwa maji ya haraka, ila walipata matibabu mengine yote. Ungeuliza daktari yeyote wakati ule, angekwambia heri kundi la kwanza. Mwaka 2011 matokeo yakatoka: ndani ya saa 48 walifariki zaidi ya watoto 10 katika kila 100 waliotiwa maji ya haraka, na 7 hivi katika wale wengine. Utafiti ulikuwa umekwisha kusimamishwa kabla ya muda wake. Kura hupigwa kwa sababu hakuna anayejua kundi lipi lina nafuu. Mtafiti akikuahidi kwamba dawa mpya ndiyo bora, muulize: mbona basi unaijaribu?

Na damu wanayochukua, inakwenda wapi?

Pwani hii habari za mumiani hazikuanza jana, na simcheki anayeuliza. Huko Alabama, Marekani, kuanzia 1932 hadi 1972, mamia ya wanaume weusi wenye kaswende walitazamwa tu na watafiti bila kutibiwa, hata baada ya penisilini kujulikana kuwa inaiponya. Kwa hiyo uliza waziwazi: mtachukua vijiko vingapi? Mililita 5 ni kijiko kimoja cha chai, na mtu mzima ana lita 5 hivi za damu mwilini. Uliza pia kama damu itahifadhiwa, miaka mingapi, na kama itapelekwa ng'ambo. Majibu yanapaswa kuwa ndani ya fomu.

Nani anawachunga watafiti?

Kamati ya maadili isiyo ya watafiti wenyewe, na kwa dawa mpya, bodi ya taifa ya dawa. Fomu iwe na nambari ya simu ya kamati hiyo. Ipige.

Kuna pesa?

Nauli, na pengine fidia ya siku ya kazi uliyopoteza. Cha kuuliza zaidi ni nani atakayelipa matibabu yako dawa ikikudhuru.

Nikibadili nia katikati?

Unatoka, na huhitaji kutoa sababu. Haki yako ya kutibiwa hospitalini inabaki palepale. Ila waambie kabla ya kuacha dawa, kwani zipo zinazodhuru zikikatwa ghafla.

Naendelea na muarubaini wangu?

Watajie vyote unavyokunywa: muarubaini, kombe, vidonge vya dukani. Mitishamba mingine huongeza au hupunguza nguvu ya dawa. Mimba na kunyonyesha pia usifiche.

Sijui kusoma, na mume wangu yuko baharini. Nitie kidole gumba?

Si lazima leo. Isipokuwa mgonjwa yuko hatarini, omba fomu uende nayo nyumbani, umngoje mume arudi, msomewe kwa Kiswahili au Kigiriama. Siku ya kutia kidole, awepo shahidi asiye mtu wao, asikie yote uliyoelezwa, naye atie sahihi. Hata jirani anafaa. Na kabla ya wino kugusa kidole, waulize hili mbele yake: nisipoingia, mwanangu atapewa dawa gani hapa?