Dhamana Si Faini: Wajibu wa Dereva na Abiria wa Malindi Mbele ya Sheria

Likizo ya Desemba ikikaribia, barabara ya Mombasa hadi Malindi hujaa. Wageni huja na magari yao, matatu huongeza safari, na vijana wa bodaboda na tuktuk hukesha kazini. Misako ya trafiki nayo huongezeka, na malalamiko pia. Mengi ya malalamiko hayo yasingekuwapo kama watumiaji wa barabara wangejua sheria inawataka nini na inawapa haki gani.

Kanuni za mwaka 2016 chini ya Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, zinaorodhesha makosa madogo na faini ya kila moja. Kutumia simu ukiendesha ni Sh2,000. Kutofunga mkanda ni Sh500. Gari lisilo na pembetatu za kuakisi ni Sh3,000, na kupanda na gari kwenye njia ya waendao kwa miguu ni Sh5,000. Mwendeshaji wa pikipiki asiyevaa kofia ngumu na jaketi la kuakisi hutozwa Sh1,000, na abiria wake hutozwa Sh1,000 yake mwenyewe. Tumelieleza jambo hili mara nyingi na bado abiria hushuka wakisema kofia ni shida ya dereva. Kila mmoja anajibu la kwake. Kubeba mishikaki, yaani zaidi ya abiria mmoja, ni Sh1,000 nyingine kwa mwendeshaji. Abiria anayeruhusiwa ni mmoja tu, na mtoto aliyebanwa katikati ni abiria kama mwingine.

Leseni ya pikipiki ya matumizi binafsi haitoshi kufanyia biashara. Bodaboda na tuktuk ni daraja la A3. Kuendesha chombo cha daraja usilokuwa nalo ni Sh7,000, na mwenye chombo aliyemkabidhi mtu asiye na leseni naye amevunja sheria. Asijifiche nyuma ya kijana anayemletea hesabu kila jioni.

Kuhusu mwendo, mjini mwisho ni kilomita 50 kwa saa. Ukizidisha kwa kilomita 1 hadi 5 utaonywa. 6 hadi 10 ni Sh500. 11 hadi 15 ni Sh3,000. 16 hadi 20 ni Sh10,000. Zaidi ya hapo jedwali limekwisha, na hakimu ndiye atakayeamua. Wanaoona haya ni maonevu wafanye hesabu. Kwa kilomita 50, gari hupita karibu mita 14 kila sekunde. Dereva aliye macho huhitaji kama sekunde moja kabla mguu haujafika kwenye breki, kisha mita 14 hivi nyingine gari lisimame juu ya lami kavu: jumla mita 28. Kwa kilomita 80, mita 22 zimeshapita kabla ya breki na 36 zinafuata: jumla 58. Mtoto aliyechomoka mita 40 mbele ya gari, dereva wa kwanza anasimama kabla ya kumfikia. Wa pili anamgonga.

Na hiyo ni lami safi. Huku kwetu kila njia ya udongo inapoingia barabara kuu, magurudumu huvuta mchanga na kuutandaza juu ya lami. Pikipiki ikikazwa breki ya mbele juu ya mchanga huo, gurudumu hukwama, huteleza, na mtu yuko chini. Punguza mwendo kabla ya makutano, si ndani yake. Tuktuk ina hatari yake: gurudumu la mbele ni moja, kwa hiyo ikikata kona kwa kasi huinuka upande. Abiria wa nne anayebanana na dereva kule mbele humzuia kuzungusha usukani wakati anaouhitaji zaidi.

Sasa tufike kwenye dhamana, maana hapa ndipo watu huumia bila sababu. Ukikamatwa kwa kosa la trafiki na kuwekewa dhamana ya pesa taslimu kituoni, hujalipa faini. Umeweka amana ya kuhakikisha utafika kortini. Dai risiti rasmi, soma jina lako, kiasi na tarehe ya kesi kabla hujaondoka. Siku hiyo fika mahakamani asubuhi na kitambulisho, leseni na risiti. Utasomewa shtaka, utakiri au kukana. Ukikiri, hakimu atakutoza faini, na risiti ya mahakama ndiyo ushahidi kwamba jambo limekwisha. Usipofika, dhamana hutaifishwa na hati ya kukukamata hutolewa. Wapo wanaoshangaa kukamatwa miezi baadaye kwa kosa "walilolipa". Hawakulipa. Ikiwa tarehe imekupita, nenda mwenyewe kwenye masijala ya mahakama na risiti yako, uombe faili ipelekwe kwa hakimu, ueleze sababu na uombe hati ifutwe. Kwenda kwa hiari yako ni tofauti kubwa na kuletwa.

Pesa ya mkononi kando ya barabara si faini wala dhamana. Chini ya Sheria ya Hongo ya mwaka 2016, mtoaji na mpokeaji wote wana hatia, na adhabu inaweza kufika kifungo cha miaka 10 au faini ya Sh5,000,000, au vyote viwili.

Ajali ikitokea, simama. Saidia majeruhi, toa jina na anwani yako, na uripoti polisi haraka iwezekanavyo, isizidi saa 24. Ukihofia umati, usiende kujificha nyumbani. Nenda moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu. Kusababisha kifo kwa uendeshaji wa hatari kunaweza kukufunga hadi miaka 10, na kukimbia hakufuti hata siku moja.

Aliyeumia aende hospitali kwanza, kisha kituoni kuchukua fomu ya P3, inayoandikwa majeraha yake kwa ajili ya kesi, na abstrakti ya polisi, yaani muhtasari wa ripoti ya ajali. Daktari huijaza P3 akitazama rekodi za matibabu, kwa hiyo karatasi za siku ya kwanza zihifadhiwe, hata kile kijikaratasi cha dawa.