Je, wajua? Kichwa ndicho kinachouma, mbona sindano ichomwe mgongoni?

Mtu wa Ujiji akiumwa kichwa, kinachodhaniwa kwanza ni malaria, na kwa Kigoma dhana hiyo haishangazi. Anameza dawa mseto, anaongeza panadol, wiki ya pili inaingia na kichwa bado kinagonga. Kama anaishi na VVU na CD4 zake (chembe za kinga zinazopimwa kwenye damu) ziko chini ya 200, daktari huanza kuwaza homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi aitwaye kriptokokasi.

Fangasi huyu hukaa udongoni na kwenye kinyesi cha ndege, hasa njiwa. Tunamvuta pamoja na vumbi, na kinga imara humdhibiti. Kinga ikishuka, hutoka mapafuni akafika kwenye utando wa ubongo. Haambukizi kutoka mtu hadi mtu, kwa hiyo hakuna haja ya kumtengea mgonjwa sahani.

Ikitajwa sindano ya mgongo ya kutoa maji ya kupima, ndugu huanza kunong'ona: "Akichomwa hiyo, harudi." Uvumi huu ni hatari kuliko sindano yenyewe, maana wengi hukubali wakati hali imeshakuwa mbaya. Mgonjwa hulazwa ubavu, magoti yakakunjwa kuelekea kifuani, akatiwa ganzi. Uti wenyewe (neva kuu iliyo ndani ya mifupa ya mgongo) huishia juu ya pale sindano inapoingia. Chini yake kuna maji na nyuzi za neva zinazoelea.

Maji hayo ndiyo yanayouzunguka ubongo. Yakiwekwa kwenye kipimo cha haraka, jibu hutoka kwa dakika 10 hivi. Tena sindano hiyo ni tiba pia: fangasi huziba njia za maji kunyonywa, presha ikapanda kichwani, hata macho yakafifia. Maji yakipunguzwa, wengine hupata nafuu papo hapo. Presha ikirudi, huchomwa tena, hata kila siku.

Tangu 2022, Shirika la Afya Duniani linapendekeza dripu moja ya amfoterisini ya liposomu (dawa ya fangasi iliyofungwa kwenye vitone vya mafuta), pamoja na dawa nyingine za fangasi, flusaitosini na flukonazo, kwa siku 14. Flukonazo huendelea kwa miezi. Asiyewahi kuanza ARV, dawa za VVU, husubirishwa wiki 4 hadi 6, kwani kinga ikiamka ghafla huweza kuvimbisha ubongo. (Aliyekwisha kuanza asijiachishe mwenyewe.)

Alama za fangasi huyu huonekana kwenye kipimo cha damu wiki kadhaa kabla kichwa hakijaanza kuuma. Mwenye CD4 chini ya 200 aulize kipimo hicho CTC (kliniki ya wanaoishi na VVU), na akikutwa naye bila ugonjwa kufika kichwani, hupewa vidonge vya flukonazo.