Uzee wa seli ni nini, na mazoezi yanaingia wapi?

Ukipita ufukweni Mikindani asubuhi, tazama kamba za mashua. Ncha zake zimefungwa uzi au kupigwa fundo zisifumuke. Ndani ya seli zetu kuna kinga ya namna hiyo: kromosomu 46 zinazobeba vinasaba zina telomea kwenye ncha zake, na telomea hufupika kidogo kila seli inapogawanyika. Mwaka 1961 Leonard Hayflick na Paul Moorhead walionyesha kwamba seli za binadamu zikikuzwa maabara hugawanyika kama mara 50 hivi, kisha husimama. Hazifi, ila hazizai tena. Huo ndio uzee wa seli.

Wengi hudhani kusimama huko ni hasara tupu. Sivyo. Saratani ni seli zinazogawanyika bila kikomo, na nyingi huweza hivyo kwa kuamsha telomerasi, kimeng'enya kinachorefusha telomea upya. Kwa hiyo uzee wa seli ni breki, na hatutaki breki hiyo ing'olewe. Shida huanza seli zilizozeeka zikirundikana, kwani hutoa kemikali za mchochota. Mchochota unaujua: ule wekundu na joto pembeni mwa kidonda. Huu wa ndani hauonekani, nao hukaa miaka ukiumiza seli jirani na kuipa saratani nafasi.

Mazoezi huingia hapo. Hupunguza mchochota, insulini iliyozidi na mafuta ya tumbo. Ushahidi kwamba mazoezi hupunguza hatari ya saratani ni mzito zaidi kwa saratani ya utumbo mpana, ya titi na ya ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za kujishughulisha kiasi, yaani unaweza kuongea lakini kuimba kunakushinda. Kulima mikorosho Tandahimba kunahesabiwa. Ninayemhofia zaidi ni anayekaa kubangua korosho kutwa, au ofisini Mtwara mjini, kisha arudi nyumbani kwa bodaboda. Huyo ashuke mapema atembee, kila siku.

Lakini saratani ya shingo ya kizazi, inayowaumiza sana mama zetu, karibu yote huletwa na kirusi cha HPV. Hiyo mtu haikimbii kwa miguu. Binti apelekwe chanjo, na mama akapimwe hata kama hasikii maumivu.