Mama, hiyo si hedhi iliyorudi

"Sista, ujana umenirudia." Mama wa miaka 58 akiniambia hivyo, huwa sicheki naye. Maana yake ameona damu baada ya miaka kadhaa ya kutoona kitu, na wenzake wa soko la Kibuye, hapa Kisumu, wamempongeza. Wengine huambiwa ni damu chafu iliyobaki tumboni, iachwe itoke yote. Wanakaa nayo miezi, wakinywa mitishamba.

Hedhi hairudi. Ukimaliza miezi 12 mfululizo bila damu, umekoma. Damu yoyote baada ya hapo, hata tone moja, hata ya rangi ya chai, ni ya kuchunguzwa. Mara nyingi chanzo si kibaya: ngozi ya uke imekonda kwa upungufu wa estrojeni, au kuna kinyama kimeota ndani. Lakini saratani ya mfuko wa uzazi huanza kujitangaza hivyo hivyo, na ile ya lango la uzazi pia. Huwezi kuzitofautisha kwa kutazama pedi. Hata mimi siwezi.

Halafu naambiwa, "Lakini mwaka jana nilipimwa saratani ya lango la uzazi kwa siki nikawa sawa." Kipimo cha siki ni cha mtu asiye na dalili. Tena mama akishakoma, sehemu tunayotaka kuiona hujivuta ndani ya lango, jicho lisiifikie. Anayevuja damu anahitaji kukaguliwa kwa spekulamu, kile kifaa cha kufungua uke, apigwe picha ya ultrasaundi, na ikibidi nyama kidogo itolewe ipelekwe maabara. Unaona aibu kwa sababu daktari ni rika la mwanao? Omba wa kike. Na ukijibiwa "ni umri tu, mama", muulize umri unavujishaje damu. Anayeishi na virusi vya Ukimwi asikawie hata wiki, maana saratani ya lango la uzazi humwandama zaidi.

Mengine ni ya haraka. Huku ziwani kila jasho la usiku huitwa malaria. Joto la kukoma hedhi hupanda kifuani hadi usoni, likatulia baada ya dakika chache. Pima, kama vimelea havionekani, acha kumeza dawa za malaria. Jasho likija na kikohozi na kukonda, pima TB.

Sindano za kupanga uzazi hazikuzeeshi mapema. Zinasimamisha damu, basi.

Wewe wa miaka 47 uliyekosa hedhi miezi minne ukaacha kujikinga, mimba bado inashika. Ili uache kujikinga, kabla ya miaka 50 hesabu miaka miwili bila damu. Baada ya 50, mmoja.

Na mume anayesema mke "amekwisha": tendo huuma kwa ukavu, na ukavu una krimu yake. Aje, nimweleze mwenyewe.

Ombi langu ni moja: andika kwenye kalenda ya ukutani tarehe uliyoona damu mara ya mwisho. Nikikuuliza, "kabla ya korona" hainisaidii.