Njaa ya saa nane usiku inatoka wapi

Pita nje ya geti la hospitali kubwa yoyote ya mjini saa nane usiku, utakuta kibanda cha chipsi mayai bado kimechangamka. Wateja ni wauguzi wa zamu, walinzi, madereva wa bodaboda na ndugu waliokuja kuuguza. Wengi wao walishakula saa mbili, tena wakashiba. Ukiwauliza watakwambia wana njaa, na hawadanganyi. Njaa hiyo inaanzia ubongoni, na sehemu yake kubwa inatokana na usingizi walioukosa.

Chini kabisa ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi, yenye uzito wa gramu nne hivi. Ndiyo inayosimamia joto la mwili, kiu, njaa na usingizi. Kwamba usingizi unaongozwa hapo tulianza kuambiwa na daktari wa Vienna, Constantin von Economo. Ugonjwa wa kuvimba kwa ubongo ulipoenea Ulaya kuanzia miaka ya 1916 na 1917, alichunguza bongo za waliofariki. Waliokuwa wakilala mfululizo walikuwa wameharibika upande wa nyuma wa sehemu hiyo. Waliokesha bila kupata usingizi, upande wa mbele.

Sehemu muhimu ya kinachofanya kazi upande huo wa nyuma ilijulikana 1998, pale makundi mawili nchini Marekani yalipokuta kemikali ileile bila kushauriana. Kundi la Masashi Yanagisawa na Takeshi Sakurai, huko Dallas, liliiita oreksini. Panya waliodungwa kemikali hiyo ubongoni walikula kupita kawaida yao, kwa hiyo watafiti wakaamini wameshika kemikali ya njaa. Wakazalisha panya wasioweza kuitengeneza, na kwa kuwa panya hula usiku, wakawategea kamera zinazoona gizani. Picha zikawashangaza. Panya anatembea vizuri, ghafla anaanguka na kutulia tuli, kisha baada ya muda mfupi anainuka na kuendelea na shughuli zake.

Mwaka 1999, Emmanuel Mignot na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walimaliza kazi ya miaka mingi ya kufuatilia mbwa aina ya Doberman wenye narkolepsia, ugonjwa wa kuzidiwa na usingizi mchana. Kipimo chao kilikuwa chakula kitamu. Mbwa anawekewa vipande sakafuni, anavikimbilia kwa furaha, miguu inalegea, anajikuta chini macho wazi, chakula kiko mbele ya pua. Kosa lilionekana kwenye jeni ya kipokezi cha oreksini, yaani sehemu ya seli inayoipokea kemikali hiyo. Mwaka 2000 ikathibitika kwa binadamu pia: wagonjwa wa narkolepsia wenye tatizo la kuanguka walikuwa wamepoteza karibu seli zote zinazotengeneza kemikali hii. Hata kwa mtu mzima mwenye afya seli hizo ni makumi ya maelfu tu, ilhali ubongo mzima una seli za neva zaidi ya bilioni 80.

Je, ni seli za njaa au za kukesha? Kwa maoni yangu swali lenyewe limekosewa. Sukari ya damu ikishuka na homoni ya njaa iitwayo ghrelini ikipanda, seli hizi huchangamka. Homoni ya shibe, leptini, huzituliza. Zikichangamka, mwili unaamka na kuanza kutafuta. Panya wa kawaida akinyimwa chakula hukesha na kuhangaika. Aliyeondolewa seli hizi, katika jaribio lililochapishwa 2003, hakuonyesha mabadiliko hayo. Seli hizohizo hutuma nyuzi hadi kwenye seli za dopamini, zile zinazotufanya tukitamani kitu na kukiendea. Ndiyo maana mwenye njaa hulala kwa shida, na harufu ya kitunguu kinachokaangwa humtoa mtu kitandani.

Upande wa pili, kwamba kukosa usingizi huleta njaa, nao una ushahidi wake. Mwaka 2004 watafiti wa Chicago waliwalaza vijana 12 wenye afya kwa muda wa saa nne tu kila usiku, siku mbili mfululizo. Leptini ilishuka kwa asilimia 18, ghrelini ikapanda kwa asilimia 28, na hamu iliongezeka zaidi kwa vitamu, vya chumvi na vya wanga. Vijana 12 ni wachache, na si kila utafiti uliofuata uliona homoni zikibadilika hivyo. Lakini kwamba aliyekosa usingizi hula zaidi, hilo limejirudia mno kupuuzwa. Mwaka 2022, tena Chicago, watu wazima wenye uzito mkubwa waliosaidiwa kulala kama saa moja zaidi walipunguza takriban kilokalori 270 kwa siku bila kuambiwa wale nini. Hiyo ni kama chapati moja ya mafuta.

Kwa hiyo sipendi kusikia mfanyakazi wa zamu akiambiwa ajikaze tu aache chipsi. Aulizwe kwanza analala saa ngapi, na wapi. Chumba chenye giza mchana, simu mbali na mlo kamili kabla ya zamu vitamsaidia kuliko kukemewa.

Neno moja kwa wazazi na walimu. Mtoto anayesinzia darasani kila siku na kuishiwa nguvu anapocheka huenda ana narkolepsia, lakini huitwa mvivu, au hupelekwa kuombewa, au hupewa dawa za kifafa. Kama mnaishi au mmetembelea maeneo ya mbung'o, apimwe malale pia. Mkifika hospitali, mwelezeni daktari alikuwa akifanya nini kabla ya kuanguka, na kama alipokuwa chini alisikia mliyokuwa mkisema. Mwenye kifafa cha kupoteza fahamu kwa kawaida hakumbuki. Mwenye narkolepsia mara nyingi atawasimulia yote.