Muswada kusubiri ridhaa ya Malkia: maana yake katika mabunge ya makoloni

Katika koloni la Uingereza la karne ya 19, muswada uliweza kusomwa mara tatu na kupitishwa kwa kura bungeni, na bado usiwe sheria. Ulihitaji ridhaa. Hapo Gavana alikuwa na njia tatu: kuridhia kwa niaba ya Malkia Victoria, kukataa, au kutoamua lolote na kuupeleka London. Uliopelekwa London ndio muswada uliosubiri ridhaa ya Malkia.

Malkia hakuwa akikaa kuusoma. Waliouchambua ni maofisa na wanasheria wa Wizara ya Makoloni, na Waziri wa Makoloni ndiye aliyetoa ushauri ambao Malkia aliufuata.

Gavana naye hakuwa huru kuchagua apendavyo. Alipewa maagizo ya kifalme yaliyotaja miswada asiyoruhusiwa kuiridhia peke yake: inayohusu talaka, sarafu, zawadi ya ardhi au fedha kwa Gavana mwenyewe, au inayogongana na mikataba ya Uingereza na mataifa mengine. Katika baadhi ya makoloni iliongezwa pia miswada inayowabana watu wasio wa asili ya Ulaya kwa masharti yasiyowagusa Wazungu. Watu huchanganya utaratibu huu na ule wa kufuta sheria. Kusubirishwa hutangulia sheria kuanza kazi. Kufutwa huja baada ya Gavana kukwisha kuridhia, na katika makoloni mengi London ilikuwa na miaka 2 ya kufanya hivyo.

Natal, kusini mwa Afrika, inaonyesha vizuri utaratibu huu ulivyofanya kazi. Walowezi wa huko walipata serikali yao ya ndani mwaka 1893, John Robinson akiwa Waziri Mkuu. Mwaka uliofuata tu bunge lao, lililokaa Pietermaritzburg, mji mkuu wa Natal, likapitisha muswada wa kuwanyima kura watu wenye asili ya Asia. Wahindi walikuwa wameanza kuletwa Natal mwaka 1860 kulima miwa kwa mikataba, na waliokuwa kwenye daftari la wapiga kura walikuwa wachache mno kuliko Wazungu.

Mohandas Gandhi, wakili Mhindi wa miaka 24, aliandika ombi la kuupinga muswada huo kwa Lord Ripon, Waziri wa Makoloni. Watu wa kujitolea walizunguka kukusanya sahihi, na hakuna aliyetakiwa kusaini kabla ya kuelezwa ombi linasema nini. Zilipatikana sahihi zipatazo 10,000. Muswada ukakaa kiporo London, na mwaka 1895 waziri mpya, Joseph Chamberlain, akaukataa: uliwafungia nje raia wa Malkia kutoka India wote kwa jumla, kwa kutaja asili yao waziwazi.

Ukiishia hapo utadhani London iliwalinda wanyonge. Mimi sioni hivyo. Bunge la Natal liliandika upya, na sheria namba 8 ya 1896 haikutaja Asia popote. Ilisema tu kwamba hawatapiga kura wenye asili ya nchi ambazo hazijawahi kuwa na mabunge ya kuchaguliwa, isipokuwa Gavana na baraza lake wawape kibali. India haikuwa na bunge la namna hiyo. Ridhaa ikatoka.

Na Waafrika, ambao ndio waliokuwa wengi Natal? Tangu sheria ya 1865, Mwafrika aliyetaka kura alipaswa awe ameishi Natal miaka 12, awe ameondolewa chini ya sheria za kimila kwa miaka 7, adhaminiwe na wapiga kura Wazungu 3, awe na mali iliyotakiwa, na hata akitimiza yote hayo Gavana aliweza kumkatalia. Sheria hiyo haikuguswa.

Walowezi walijifunza upesi kilichokuwa kikiwakera maofisa wa London: neno lililotaja rangi au asili. Mwaka 1897 Natal ikatunga sheria ya wahamiaji iliyomtaka mgeni ajaze fomu kwa lugha ya Ulaya, bila kutaja mbari yoyote. Ofisa wa bandarini ndiye aliyeamua nani ajaribiwe. Chamberlain aliwaonyesha mawaziri wakuu wa makoloni mfano huo walipokutana London mwaka uleule, na Australia ikaufuata mwaka 1901.