Kukinga mashua ndogo na mawimbi ya Mtera: turubai la omo na mbao za ubavuni

Upepo wa kiangazi ukishika Bwawa la Mtera mchana, maji yake huchafuka kwa namna yake. Sehemu nyingi za bwawa hazina kina kirefu, hivyo wimbi huja fupi, limesimama, na jingine liko nyuma yake kabla omo, yaani sehemu ya mbele ya mashua, haijainuka. Mashua haijazwi na wimbi moja. Maji huruka juu ya omo kidogo kidogo, upepo ukayamwaga ndani.

Piga hesabu. Mashua ya mita 6 yenye sakafu ya mita za mraba 5 hivi, ikishika maji ya sentimita 10, imebeba lita 500. Hizo ni ndoo 25 za lita 20, uzito wa watu wazima saba. Tena watu hao saba hawatulii: mashua ikilalia kushoto, wote wanakimbilia kushoto. Hapo ndipo vyombo hupinduka.

Sishauri kufunika mashua nzima. Funika theluthi ya mbele, yaani mita 2, halafu inua kingo za ubavuni.

Kwa omo, tumia bomba la maji la plastiki la inchi 1 na upinde matao matatu, kila moja likiwa umbali wa sentimita 60 kutoka kwa mwenzake. La mbele liwe na kimo cha sentimita 15 juu ya ukingo, la kati 30, la nyuma 45. Miguu yake iingie kwenye vipande vya mbao vilivyokazwa kwa skrubu kwenye mataruma, yaani mbavu za mashua. Funga kamba ya mgongo kutoka ncha ya omo hadi tao la nyuma, la sivyo turubai litabonyea katikati na kufanya dimbwi. Tao la nyuma livutwe kwa kamba mbili kuelekea tezi, yaani sehemu ya nyuma ya mashua, maana turubai likikazwa hulivuta mbele.

Kosa ninaloliona mara nyingi liko kwenye pindo. Fundi hupigilia turubai upande wa ndani wa ukingo kwa kuwa ni rahisi kufikia, na maji yote yanayoteremka yanaishia miguuni mwa wavuvi. Fikiria bati la nyumba: la juu hulalia la chini, na ncha hutoka nje ya ukuta. Turubai nalo livuke ukingo, lishuke nje sentimita 8, likunjwe mara mbili, kisha libanwe kwa ufito wa mbao wenye upana wa sentimita 2.5. Weka skrubu kila sentimita 15. Toboa kwanza kwa keekee nyembamba. Ukingo mkavu ukikazwa skrubu bila tundu hupasuka kufuata nyuzi za mbao, na ufa huo utavujisha kuliko wimbi lenyewe.

Ubavuni inatosha mbao ya kimo cha sentimita 20 na unene wa sentimita 2. Ifanye ya kuchomoa, kwa kuwa nyavu hupandishwa hapo. Isimame ndani ya vishikio vilivyofungwa kwenye mataruma, na kati yake na ukingo weka utepe wa tyubu kuukuu ya baiskeli ili maji yasipenye. Vichwa vya skrubu vizame ndani ya mbao. Kikijitokeza kimoja tu, wavu unachanika. Usizidishe kimo hicho: mbao ndefu hushika upepo kama tanga na kuisukuma mashua kwenye visiki vya miti iliyozama.

Mtu asikae chini ya turubai wakati wa mawimbi, mashua ikipinduka hatatoka. Maboya ya kuvaa yawe mwilini, na dumu la lita 5 lililokatwa kwa kuchotea maji lifungwe kwa kamba karibu na tezi.

Halafu nyavu zilizolowa na madumu ya petroli yasirundikwe huko mbele, ingawa ndiko kukavu. Omo ikilemewa haipandi wimbi, inalichimba, na turubai hilo halitazuia maji yanayokuja mzigo mzima.